Kusuka nyumbani: anza na njia, vidole vitazoea vyenyewe

Kila shule zikikaribia kufunguliwa huku Mbeya nawapata wamama wawili watatu wananiambia dada nifundishe basi nimsuke mwanangu mwenyewe, na karibu wote wanaamini msusi mzuri ni yule mwenye vidole vya haraka na mkono mgumu. Mimi kusuka ndo kazi yangu na nawaambia wazi, msuko unakuwa msafi kwasababu njia, yani ule mstari wa ngozi unaogawa nywele, imenyooka, kubana hakuhusiki. Njia ikiwa imepinda hata ubane mpaka mtoto atoke machozi bado kichwa kitaonekana kimesukwa gizani.

Kwahiyo siku ya kwanza usiguse rasta, zile nywele za bandia za kuongezea, kabisa. Anza na nywele zenyewe, twende kilioni, yani mistari iliyolala kichwani kutoka mbele kwenda nyuma, minene sita au saba inatosha. Osha kichwa asubuhi na mapema, hasa mwezi wa sita na wa saba baridi ya huku ikiwa imekamata, maana nywele zetu za kipilipili zinashika maji kwa ndani na ukizisuka mbichi zinaweza kukaa na unyevu siku mbili tatu na kichwa kikaanza kunuka. Halafu kuna jambo wengi hawalijui, nywele ikiwa na maji inavutika kuliko ikiwa kavu, ikikauka inajikunja inarudi fupi, yani ule mstari ulioona umekaa vizuri mchana usiku unakuwa umekaza. Acha zikauke, paka mafuta kidogo ya nazi au ya parachichi, chana kwa chanuo pana ukianzia kwenye ncha unapanda taratibu kuja kwenye mzizi. Ukianzia juu unazisukuma fundo zote chini na unakata nywele bure.

Sasa njia. Kaa karibu na dirisha, mtoto akae chini kwenye kigoda, wewe juu. Chukua kitana cha mkia, lenga pua kupata katikati, weka mkia kwenye paji na uvute mpaka kisogoni kwa mkono mmoja usionyanyuka. Ukinyanyua katikati ndo pale mstari unapovunjika. Nywele za upande wa pili zibane zote na kibanio, zote jamani, maana unywele mmoja wa njia ya jirani ukinaswa ndani ya mstari wako unavutwa kutoka pande mbili, na huo mmoja tu unatosha kumfanya mtoto akose usingizi.

Kwenye kusuka kwenyewe, gawa mafungu matatu madogo. Fungu la pembeni linapita CHINI ya lile la katikati, kulia halafu kushoto, na kila ukipitisha unaokota nywele kidogo kutoka chini ya mkono wako unaziongeza. Ukipitisha kwa juu msuko unazama kwenye ngozi, hauinuki. Vidole vyako viwe vimelalia ngozi ya kichwa muda wote na mkono utembee na mstari, maana ukisuka mkono ukiwa hewani msuko unalegea na hapo lazima utavuta ili kuulazimisha ukae. Kama vidole vinachanganya, funga rasta za rangi tatu tofauti kwenye mguu wa kiti ujizoeze hapo jioni, rangi zitakuonyesha ni fungu lipi umelisahau.

Kitu ninachokipigania kuliko vyote ni nywele za mbele. Pale kwenye paji na karibu na masikio nywele ni nyembamba, zile laini kabisa ziache nje usizilazimishe kuingia, na mizunguko mitatu ya kwanza ifanye milegevu, anza kukaza kidogo ukishaingia ndani. Ukimaliza mwambie mtoto anyanyue nyusi. Ngozi ya paji ikikataa kujikunja, umebana. Ukiona vipele vidogo vyeupe kwenye mizizi, fumua huo mstari saa hiyohiyo, usisubiri kesho. Sisi tumelelewa na ule msemo wa ukitaka uzuri sharti udhurike, mtu anatoka kusuka anameza dawa ya maumivu analala, na anaona ni kawaida. Sio kawaida. Mzizi ukivutwa mara kwa mara unachoka, mwanzoni nywele zikipumzishwa zinarudi, ila ukiendelea miaka panabaki kovu na hapo hapaoti tena hata upake nini. Wadada wengi wenye paji lililorudi nyuma hawakuzaliwa nalo.

Rasta zije mkono ukishazoea. Weka chache, na ukiweza anza na nywele yenyewe kwanza halafu rasta uiingize kidogokidogo, maana fundo kubwa pale juu ndo linalobeba uzito wote kwenye mzizi. Kama kichwa cha mtu kinawashwa na rasta mpya, iloweke kwenye maji yenye siki kidogo, suuza, anika, ndo usuke. Na huku tunapoota moto jioni, angalieni sana, rasta ni plastiki, inayeyuka na kushika moto, hivyo mtoto mwenye rasta asiinamie jiko la mkaa.

Mistari isizidi wiki mbili, rasta wiki sita. Siku ya kufumua utaona bonge la nywele mkononi na wengi wanapiga kelele hapo kwamba rasta zimemmaliza mtoto. Kichwa cha mtu kinaacha nywele kama 50 mpaka 100 kwa siku, suka au usisuke, sasa zilizosukwa hazina pa kudondokea zinasubiriana humo ndani. Ziangalie kwa karibu kwenye mwanga, yenye kitone cheupe mwishoni imetoka yenyewe kwa wakati wake, vipande vifupi visivyo na kitone ndo vimekatika, na vikiwa vingi ujue mkono wako bado ni mgumu au unachana vibaya. Zitoe zote kwa vidole kwanza, mstari kwa mstari, halafu chanuo, na maji yaje mwisho kabisa, kwasababu ukiosha zile zilizokwishatoka zikiwa bado zimo humo zinajifunga na nzima, na fundo la hivyo mara nyingi linaishia kwenye mkasi.