Siku ya Kutoka: Kinachojadiliwa Bunge Linapobadilisha Vifungo vya Ugaidi

Tarehe 12 Februari 2020, Baraza la Commons la Uingereza lilisoma muswada wa kuchelewesha kuachiliwa kwa wafungwa wa ugaidi mara ya pili, likaupitisha katika hatua ya kamati na kuusoma mara ya tatu, yote ndani ya siku moja. Kufikia tarehe 26 ulikuwa umeshapita Baraza la Malodi na kupata idhini ya Malkia. Kwa kawaida kazi hiyo huchukua miezi. Haraka ilitokana na tarehe: walikuwapo wafungwa wa ugaidi waliokaribia kutoka, na serikali ilitaka sheria mpya iwakute wangali ndani.

Chanzo chake ni mashambulizi mawili. Novemba 29, 2019, Usman Khan aliwaua vijana wawili kwa kisu katika ukumbi wa Fishmongers' Hall, kando ya London Bridge, kwenye mkutano uliohusu elimu kwa wafungwa. Alikuwa ameachiliwa Desemba 2018, baada ya kutumikia nusu ya kifungo cha miaka 16. Februari 2, 2020, Sudesh Amman, kijana wa miaka 20, aliwachoma kisu watu wawili mtaani Streatham, kusini mwa London. Aliuawa kwa risasi na polisi waliokuwa wakimfuatilia kwa karibu. Hata wiki mbili hazikuwa zimeisha tangu atoke gerezani. Kesho yake waziri wa sheria, Robert Buckland, alisimama bungeni kutangaza kwamba serikali inaleta sheria ya dharura.

Katika mihadhara yetu kwa umma kuhusu sheria ya jinai, mjadala wa aina hii huwa unaeleweka kama mvutano wa miaka: huyu anataka vifungo virefu, yule anasema virefu vimezidi. Naelewa kwa nini. Idadi ya miaka ndiyo inayosomwa mahakamani na ndiyo inayoandikwa magazetini. Lakini ukiufuatilia mjadala wa Uingereza kifungu kwa kifungu, utaona uzito wake uko kwingine: mfungwa anatoka lini, nani anaamua kwamba atoke, na akishatoka anakuwa chini ya nani.

Tuchukue hesabu ya Amman. Alihukumiwa miezi 40 kwa kumiliki na kusambaza nyaraka za kigaidi. Chini ya sheria ya wakati ule, mfungwa wa kifungo cha kawaida alitoka moja kwa moja akifika nusu, yaani miezi 20, na siku za mahabusu zilihesabiwa humo. Nusu iliyobaki aliitumikia nje, kwa masharti: mahali pa kulala, watu asioruhusiwa kukutana nao, vifaa anavyoweza kutumia. Hakuna kikao kilichokaa kuuliza kama mtu huyu bado ni hatari. Maofisa wa usalama walikuwa na hofu naye kiasi cha kumwekea askari wenye silaha nyuma yake, lakini sheria haikumpa yeyote mamlaka ya kumzuia mlangoni. Kalenda ilifika, akatoka.

Sheria ya Februari 2020 ilibadilisha mambo mawili kwa pamoja. Iliisogeza nukta ya kuachiliwa kutoka nusu hadi theluthi mbili, na ikaondoa utaratibu wa kutoka moja kwa moja: mfungwa akifikisha theluthi mbili, jalada lake linakwenda Bodi ya Parole, chombo huru kinachoamua kama mfungwa ni salama kuachiliwa, na bodi ikiona bado ni hatari anabaki ndani hadi mwisho wa kifungo. Upinzani haukuipinga. Wafungwa wapatao 50 waliokuwa tayari wanatumikia vifungo waliguswa.

Sasa rudi kwenye ile miezi 40. Theluthi mbili yake ni miezi 26 na siku 20 hivi. Kwa upande wa muda peke yake, basi, sheria mpya ingemchelewesha Amman chini ya miezi saba. Kama kijana ana nia ya kuua, miezi saba haimzuii, inaisogeza tu tarehe. Kilichokuwa na thamani ni jambo la pili, kwamba safari hii angetakiwa kukaa mbele ya watu wanaosoma taarifa zake, wanaomhoji, wanaosikiliza maofisa wa gereza na wa uangalizi, kisha wanaamua.

Hata hapo kuna tatizo, na wakosoaji walilieleza wakati wa mjadala. Bodi ikimkatalia mfungwa wa kifungo cha kawaida mpaka miezi yote 40 iishe, anatoka akiwa amemaliza. Hana tena sehemu ya kifungo ya kutumikia nje. Yule aliyeonekana hatari zaidi ndiye anayetoka bila sharti hata moja linalotokana na hukumu yake, na yule aliyeonekana salama anatoka akiwa na ofisa wa kuripoti kwake. Ndiyo sababu wataalamu wengi wa eneo hili hawaulizi kwanza mtu kafungwa miaka mingapi. Wanauliza muda wa uangalizi baada ya kifungo.

Suala jingine lililochukua nafasi kubwa ni lile la sheria kurudi nyuma. Mtu amehukumiwa 2018, amepewa tarehe ya kutoka, familia yake inaijua, kisha Bunge linapitisha sheria 2020 na tarehe inasogea. Je, ni halali? Kanuni ya msingi inajulikana karibu katika kila katiba: mtu haadhibiwi kwa kosa ambalo halikuwa kosa alipolitenda, wala hapewi adhabu kali kuliko ile iliyokuwapo wakati ule. Katiba ya Kenya ya 2010 inaliweka vizuri katika Ibara ya 50(2)(p): adhabu ikiwa imebadilishwa kati ya siku ya kosa na siku ya hukumu, mshtakiwa anapata iliyo nafuu. Soma kwa makini, ibara hiyo inaishia siku ya hukumu. Mabadiliko yanayokuja baadaye, mtu akiwa ameshaanza kutumikia, ni uwanja mwingine, na humo majaji wametofautiana.

Ulaya walilipima hili kwa kesi ya mwanamke wa Kihispania, Inés del Río Prada, wa ETA, kundi lenye silaha lililopigania uhuru wa eneo la Wabaski. Vifungo vyake vikijumlishwa vilizidi miaka 3,000, lakini sheria ya Hispania iliweka kikomo cha miaka 30. Gerezani alifanya kazi, na siku zake za kazi zilipunguzwa kutoka katika ile miaka 30, hivyo alitarajiwa kutoka Julai 2008. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya Hispania ilibadilisha namna ya kuhesabu: siku za kazi zipunguzwe katika kila kifungo kimoja kimoja. Ukipunguza miaka michache kwenye miaka 3,000, kikomo cha miaka 30 hakiguswi. Tarehe yake ikaruka hadi Juni 2017. Oktoba 21, 2013, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema hapana. Kwa maoni ya majaji, hiyo haikuwa tena namna ya kutekeleza adhabu, bali adhabu yenyewe ilikuwa imepanuliwa, na hakuna ambaye angeweza kulitarajia hilo wakati anahukumiwa. Aliachiliwa mwezi huohuo.

Kesi hiyo ndiyo iliyokuwa vichwani mwa wanasheria sheria za Uingereza zilipofikishwa mahakamani. Huko Ireland Kaskazini, wanaume waliohukumiwa Novemba 2020 walikuta sheria nyingine, ya 2021, nitakayoieleza hapa chini, imewasogezea tarehe. Mahakama ya Rufani ya Ireland Kaskazini iliwaunga mkono. Serikali ikakata rufaa, na Aprili 19, 2023, Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya Morgan, ikatoa uamuzi wa kinyume: kifungo kilichotangazwa na jaji hakikuongezwa hata siku moja, kilichobadilika ni sehemu gani kitatumikiwa ndani na sehemu gani nje, kwa hiyo haki haikuvunjwa.

Kisheria naona mahakama ilikuwa sahihi. Kifungo cha miaka sita ni kifungo cha miaka sita, na mfungwa hajawahi kuahidiwa kwamba utaratibu wa kuachiliwa hautaguswa. Lakini Bunge lisijifiche nyuma ya tofauti hiyo. Kwa mtu aliye ndani, kutoka na kutokutoka si utaratibu. Mbunge anayeunga mkono sheria ya aina hii anapaswa kusema waziwazi kwamba anaongeza siku za watu kukaa seli, na kwa sababu gani.

Sheria hiyo ya 2021 ndiyo sheria kubwa iliyofuata ile ya Februari 2020. Iliwasilishwa Mei 2020 na kuidhinishwa Aprili 29, 2021. Safari hii kulikuwa na muda wa kutosha wa kamati na wa Baraza la Malodi, na tofauti inaonekana. Sheria hiyo ilianzisha kifungo kipya kwa makosa mazito ya ugaidi yaliyohatarisha maisha ya watu wawili au zaidi: si chini ya miaka 14 gerezani, kisha uangalizi wa kati ya miaka 7 na 25. Jaji anaweza kushuka chini ya 14 panapokuwa na mazingira ya kipekee. Iliruhusu pia mtu aliyeachiliwa apimwe kwa mashine ya kupima uongo kama sehemu ya masharti yake.

Muda mrefu wa uangalizi naukubali bila kusita, kwa sababu unaziba lile pengo la miezi 40 nililolieleza. Nisilolikubali ni kwamba kwa kundi hili la makosa mazito, Bodi ya Parole iliondolewa kabisa. Mfungwa anatumikia muda wote wa ndani, kisha anatoka kwa kalenda. Mkaguzi huru wa sheria za ugaidi, Jonathan Hall, aliuonyesha wasiwasi huo mapema: vikao vya bodi ni nafasi ya kumjua mtu, na mfungwa anayejua kwamba hakuna kikao kinachomsubiri hana sababu kubwa ya kushiriki programu au kujieleza. Kijana wa miaka 19 anayepata kifungo cha namna hiyo atatoka akiwa na umri wa miaka 33 au zaidi. Miaka yote hiyo inaweza kupita bila chombo huru hata kimoja kumuuliza anaamini nini sasa.

Muswada huohuo uligusa amri za kumdhibiti mshukiwa ambaye hajashtakiwa: amri za kulala mahali fulani, kuvaa bangili ya kielektroniki, kutotumia simu fulani. Hapo Malodi walifanya kazi nzuri. Serikali ilitaka waziri awe na shaka yenye msingi tu, na amri ziweze kurefushwa bila kikomo. Baada ya kubanwa, ilirudi na kiwango cha juu kidogo, waziri aamini kwa sababu za msingi, pamoja na kikomo cha miaka mitano. Nakitaja kisa hiki kwa sababu watu wengi hudhani hoja za upinzani katika miswada ya ugaidi ni kelele tu zinazomezwa na wingi wa kura.

Kenya ina kumbukumbu yake ya haraka. Desemba 18, 2014, muswada wa kurekebisha sheria za usalama ulipitishwa katika ukumbi uliojaa vurugu, wabunge wakisukumana na kurarua karatasi, na Rais akatia saini kesho yake. Februari 23, 2015, Mahakama Kuu ilifuta vifungu vinane vyake. Muda uliookolewa bungeni ulitumika mahakamani.

Baada ya shambulio la Fishmongers' Hall, familia ya mmoja wa waliouawa ilisema hadharani kwamba kijana wao asingependa kifo chake kiwe kisingizio cha adhabu kali zaidi. Maneno hayo yaliwaudhi baadhi ya watu. Yanastahili kusomwa pamoja na matokeo ya uchunguzi wa vifo uliomalizika Mei 2021. Jopo la raia walioketi kusikiliza ushahidi liliona kasoro katika namna Khan alivyosimamiwa na jinsi vyombo vilivyopeana taarifa. Khan hakuwa ametoka bila masharti. Alikuwa na bangili ya kielektroniki na masharti mengi, na kulikuwa na vikao vya pamoja vya polisi, magereza na maofisa wa uangalizi juu yake. Taarifa za hatari zilikuwapo, ila hazikumfikia kila aliyepaswa kuamua kama asafiri kwenda London siku ile.

Muswada wa namna hii ukifika katika Bunge lolote, anza kusoma mwishoni, kwenye vifungu vya mpito, kwani humo ndimo unajua kama wanaguswa waliokwisha kuhukumiwa. Kisha tafuta kifungu cha kuachiliwa: ni kwa kalenda au kwa uamuzi, na wa nani. Halafu tafuta fedha za watakaosimamia uangalizi nje ya gereza, maana mara nyingi hutaziona. Wakati wa kuandika maoni ni muswada ukiwa kwenye kamati, maana hapo ndipo maneno ya kifungu hubadilishwa. Ukisharudi ukumbini kusomwa mara ya tatu, kinachobaki ni kura ya ndiyo au hapana.