Mpira Mmoja, Watoto 40: Dhana Potofu za Mwalimu Mwanagenzi wa Michezo

Dhana: Aliyekulia mpirani hahitaji kufundishwa kufundisha.
Huku magharibi mwa Kenya hii ndiyo sugu kuliko zote. Kijana aliyechezea shule yake kule Kakamega au Maseno huingia chuoni akijihesabu mwalimu tayari.

Ukweli: Mchezaji hodari hupiga pasi bila kufikiri. Mwalimu hana budi kumvunjia mtoto wa gredi ya tano pasi hiyo vipande: mguu wa kuegemea kando ya mpira, kifundo kikazwe, upande wa ndani wa mguu ndio ugonge. Kisha amrekebishe jambo moja kwa wakati. Ukimpa matano atayasahau yote.

Dhana: Foleni iliyonyooka ni dalili ya somo zuri.
Mhadhiri anayekuja kukutathmini akishuka tu kwenye bodaboda pale langoni, watoto hupangwa kama wanaosubiri chanjo.

Ukweli: Tupige hesabu. Watoto 40, mpira mmoja, kila mtoto akiukokota sekunde 15: raundi moja ni dakika 10. Kipindi chenyewe ni dakika 35, na bado hujatoa muda wa kwenda uwanjani na kurudi. Mtoto anasimama juani Kisumu karibu dakika 10 ili acheze sekunde 15! Wagawe wanne wanne, kila kundi na mpira wake, zamu irudi kila baada ya dakika moja. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Foleni haihesabiki humo.

Mipira 10 itatoka wapi? Matambara na kamba ya katani, na watoto waisokote wenyewe. (Mifuko ya plastiki tuliyoizoea ilipigwa marufuku mwaka 2017.) Haitadunda, kwa hiyo usiipangie somo la kikapu. Kwa pasi, kukokota, kurusha na kudaka inatosha kabisa.

Dhana: Ufundi kwanza, mchezo mwishoni muda ukibaki.

Ukweli: Muda haubaki. Mwaka 1982 wahadhiri Bunker na Thorpe wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, walipendekeza kuanza na mchezo uliorahisishwa. Wacheze wanne kwa wanne, wapokonywe mpira mara kadhaa, ndipo uwasimamishe uwafundishe pasi. Hapo watakusikiliza.

Dhana: Michezo ya kutoana, ambapo anayeguswa hutoka, huchangamsha darasa.

Ukweli: Anayetolewa kwanza mara nyingi ndiye aliyehitaji mazoezi zaidi. Aliyeguswa akimbie hadi mstarini, arudi kuendelea.

Dhana: Ni mhadhiri tu anayeweza kukutathmini.

Ukweli: Yeye huja mara chache, na siku hiyo hata koni hupangwa upya. Mpe mwanagenzi mwenzako saa. Achague mtoto mmoja, hasa yule anayejificha nyuma ya wengine, na kuandika dakika alizosogea na mara alizougusa mpira. Wewe simama pembeni ukiliona darasa zima, jua likupige wewe usoni, wao walipe mgongo. Wiki ijayo amfuatilie mtoto yuleyule, mlinganishe hesabu kabla ya kuandika andalio jingine la somo.