Sonona si uvivu

Mitaani Mombasa wengi huamini kwamba anayejifungia chumbani siku nenda siku rudi ni mvivu, au imani yake imelegea. Husema akitoka akakaa barazani akapiga soga, atakuwa sawa. Nia ni njema. Lakini huenda ana sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, na sonona ni ugonjwa, na unatibika kwa mazungumzo na mtaalamu au kwa dawa, ambazo mara nyingi huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu. Dua haizuii matibabu.

Tazama mwenyewe: mahamri na mbaazi alizozipenda zinapoa sahanini, usingizi umemruka, na hali imefika wiki 2? Mpeleke kliniki, ukae naye foleni. Muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Swali hilo halimtii wazo. Wengi hupumua wakiulizwa. Akikubali kwamba anawaza hivyo, usimwache peke yake.