Kipimo cha vinasaba cha TB ya utumbo: si DNA yako tunayoitafuta

Malalamiko yanayofika maabara yetu hapa Malindi siku hizi yanafanana. Mgonjwa wa tumbo ameambiwa atapimwa DNA, akarudi nyumbani na hofu, wengine na hasira. Kuna wanaodhani tunatafuta baba wa mtoto. Kuna wasemao ukoo wao hauna TB, basi kipimo hiki hakiwahusu. Vinasaba tunavyovitafuta ni vya bakteria, na TB hairithiwi.

Kwa hiyo kuja dirishani na kunyoosha mkono utolewe damu hakusaidii. Vipimo vya damu vya kutafuta kingamwili za TB, Shirika la Afya Duniani lilivikataa mwaka 2011 kwa kuwa majibu yake hayaaminiki. Anayekuuzia leo anakula pesa yako. Tunachohitaji ni kinyama kidogo kutoka palipo na kidonda, mara nyingi pale utumbo mwembamba unapoungana na mpana. Daktari hukichukua kwa kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa. Ulizia gharama ya kamera mapema.

Hapa wenzetu wa kliniki nao wasome. Vinyama vigawanywe. Cha darubini kiingie kwenye formalini. Cha GeneXpert, ile mashine inayotafuta vinasaba vya bakteria, na cha kuoteshwa, yaani kukuza bakteria maabara, kiingie kwenye kichupa safi chenye maji ya chumvi ya hospitali, kamwe si formalini, kwa sababu inaua bakteria na kuharibu vinasaba. Kichupa kiandikwe jina, namba ya mgonjwa, sehemu kilikotolewa kinyama, tarehe na saa, sawasawa na fomu. Kisipolingana na fomu tunakirudisha, hata kama kimetoka Marafa kwa bodaboda.

Mashine hutoa jibu kwa saa mbili hivi, ilhali kuotesha huweza kufika wiki sita hadi nane. Mashine huonyesha pia kama bakteria ni sugu kwa rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za TB. Lakini utumbo si pafu: bakteria huwa wachache kwenye kinyama, na mashine huwakosa wagonjwa wengi wa kweli, hata kwa toleo lake jipya liitwalo Ultra. “TB haikuonekana” si sawa na “huna TB”. Tunalisema kila siku, na kila siku mtu anaondoka na karatasi akitangaza amepona. Jibu hilo husomwa pamoja na darubini, majibu ya kuotesha, picha ya kifua na kipimo cha VVU. Daktari hana budi kuwa mwangalifu, maana ugonjwa wa Crohn, uvimbe sugu wa utumbo usio TB, hufanana mno na TB ya utumbo, na dawa zake za kushusha kinga zikipewa mwenye TB, maradhi husambaa.

Aliyewahi kutibiwa TB aseme mapema. Mashine huweza kunasa vinasaba vya bakteria waliokwisha kufa, ndiyo maana hatuitumii kupima kama dawa zinafanya kazi.

TB ikithibitika, Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inatutaka tutoe taarifa. Hilo halikupeleki jela. Ni kweli kifungu cha 27 kiliwahi kutumiwa kuwafunga wagonjwa walioacha dawa, ila tarehe 24 Machi 2016 Mahakama Kuu iliamua kuwa kuwaweka gerezani ni kinyume cha Katiba. Dawa zenyewe ni bure katika vituo vya umma, kwa kawaida miezi sita, na hazikatizwi tumbo likitulia.

Mwisho, maziwa. Bakteria wa TB ya ng’ombe huingia mwilini kwa maziwa mabichi, na GeneXpert haimtofautishi na yule wa binadamu. Wa ng’ombe kwa asili hasikii pirazinamidi, mojawapo ya dawa nne za mwanzo. Daktari akikuuliza kama maziwa ya kwenu huchemshwa, si umbeya. Mjibu kweli.