Kabla ya kusaini ahadi ya kutohama kazi

Mwenzenu amepewa barua ya kuachishwa kazi. Siku chache baadaye mliobaki mnaitwa kwenye kikao, mnaambiwa kampuni inataka watu wa kudumu nayo, kisha kila mmoja anapewa karatasi ya kusaini: sitaondoka kwa miaka mitatu, au mitano. Wafanyakazi wanaotuletea karatasi za namna hii huwa na hofu moja: nikikataa, si nitafuata mimi?

Hofu hiyo inaeleweka, lakini kuuliza si utovu wa nidhamu. Kwa mfanyakazi aliyetimiza miezi sita kazini, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ya Tanzania inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha, na jukumu la kuthibitisha hayo ni la mwajiri. Kwa makosa ya nidhamu, kanuni za mwaka 2007 zinampa mtuhumiwa angalau saa 48 za kujiandaa, na zinamruhusu kusaidiwa kwenye kikao na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Huyo mwenzake anaweza kuwa wewe. Kama aliyeondoka alituhumiwa kosa na hakupewa hata nafasi ya kujieleza, mna haki ya kumuuliza mwajiri atawalindaje ninyi anaowataka mkae miaka mitano.

Sasa isomeni karatasi yenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapoumia. Mfanyakazi mwenye mkataba usio na ukomo anasaini "ahadi ya miaka mitatu" akidhani amejihakikishia kazi. Ikiwa maneno yake yanageuza ajira kuwa ya muda maalumu, amejipunguzia kinga. Mkataba wa muda maalumu kwa kawaida hukoma wenyewe siku yake ikifika, bila mwajiri kulazimika kueleza kosa lolote. Na kabla ya siku hiyo, kuuvunja bila makubaliano au bila upande wa pili kukiuka sharti la msingi kunaweza kuzaa madai ya fidia. Kwa hiyo aliyeomba uaminifu wa muda mrefu anaweza kuwa amejiwekea mlango wa kukuaga kwa urahisi. Msisaini kabla ya kulinganisha na mkataba wa awali, mstari kwa mstari.

Tazameni pia kipengele cha notisi. Kwa anayelipwa kwa mwezi na aliyepita mwezi wa kwanza wa kazi, kiwango cha chini ni siku 28. Mnaweza kukubaliana muda mrefu zaidi, lakini sheria inataka uwe sawa kwa pande zote mbili. Karatasi inayokudai wewe notisi ya miezi sita huku mwajiri akibaki na siku 28 inakwenda kinyume na sheria, na mwambieni hivyo kwa maandishi, kwa lugha ya heshima.

Kuna ahadi zenye haki. Mwajiri aliyekulipia mafunzo ya gharama anaweza kukuomba umtumikie kwa muda unaolingana na gharama hiyo, au urejeshe sehemu iliyobaki. Hilo linajadilika. Kushikilia vyeti vyako halisi vya shule ili usiondoke ni jambo jingine kabisa, nasi tunalipinga waziwazi: mwajiri anahitaji kuviona na kubaki na nakala, basi. Uaminifu anaoweza kuudai kila siku ni kazi iliyofanywa vizuri, siri za ofisi kutunzwa, na kutoshindana naye ukiwa bado unalipwa naye.

Ombeni siku chache za kusoma na nakala ya kwenda nayo nyumbani. Kama kuna tawi la chama cha wafanyakazi, jibuni kwa pamoja, kwani ni vigumu kumtenga mmoja. Mkilazimishwa kusaini papo hapo, andikeni tarehe, waliokuwepo na maneno yaliyosemwa.

Na mkumbukeni aliyeondoka. Akitaka kupinga uhalali wa kuachishwa kwake, ana siku 30 tu za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa kujaza Fomu Namba 1. Akichelewa atalazimika kwanza kuomba aongezewe muda na kutoa sababu za kuridhisha. Mpigieni simu leo mumwambie.