Nyoka wa Shaba na Chupa ya Mafuta

Wakristo wengi wanaposikia neno sanamu hufikiria ama mizimu ya mababu, ama picha zilizomo katika kanisa la jirani. Kuhusu picha, Mtaguso wa Pili wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 787, ulitenganisha heshima inayopewa picha na ibada anayostahili Mungu peke yake. Waprotestanti wengi hawauridhii mpaka huo, na ubishi wao sitauamua hapa. Ninachokikataa ni ile dhana kwamba anayeimba kwaya na kutoa zaka hawezi kuabudu sanamu. Haruni alipokwisha kuisubu ndama, alitangaza kwamba kesho yake ingekuwa sikukuu kwa Bwana (Kutoka 32:5). Jina la Mungu lilibaki midomoni, ila watu waliochoka kumngoja Musa mlimani walikuwa wamepata kitu cha kutazama na kubeba.

Dhana nyingine, ambayo naiona ngumu zaidi kung'oka, ni kwamba kitu kilichotoka kwa Mungu, au kilichoombewa na mtumishi wake, hakiwezi kugeuka sanamu. Nyoka wa shaba alitengenezwa na Musa kwa amri ya Mungu mwenyewe, na aliyeumwa akimtazama alipona (Hesabu 21). Karne nyingi baadaye mfalme Hezekia aliwakuta Waisraeli wakimfukizia uvumba nyoka yuleyule, naye akamvunja vipande vipande (2 Wafalme 18:4), wala hakumhifadhi kwa kuwa ni kumbukumbu ya jangwani au kazi ya mikono ya Musa.

Mafuta ya upako nayo yana asili njema. Yakobo anawaagiza wazee wa kanisa wampake mgonjwa kwa jina la Bwana, lakini anaposema kitakachomwokoa anataja kuomba kwa imani (Yakobo 5:14-15). Sasa mtazame mwenye duka anayepaka tone kwenye kufuli, jingine kwenye droo ya pesa, kisha anairudisha chupa mkobani kwa uangalifu kuliko anavyoiweka simu. Akisema mafuta hayo humkumbusha kumwomba Mungu, namwamini. Tena si kila anayepaka mafuta anayaabudu. Ila siku anayoisahau chupa nyumbani hukodi bodaboda kuifuata kabla hajafungua mlango, na siku anayosahau kuomba hufungua duka saa ileile ya kila siku, akauza mpaka jioni bila wasiwasi wowote.