Maji ya vuguvugu yanaanzia wapi?

Kazi yangu ni mitambo ya kudhibiti joto, na kinachonichosha ni mtu akisikia fazi lojiki, yaani njia ya kuifanya mashine ifuate maneno yasiyo na mpaka kamili kama "moto" na "vuguvugu", anadhani ni hesabu za kubahatisha. Hapana bwana. Mwambie mtoto akuwekee maji ya kuoga "yasiwe moto sana", hakuulizi nyuzi ngapi, anachovya mkono, anaongeza kopo la baridi, anachovya tena, tayari.

Programu ya kawaida inataka mpaka: 40 ni moto, 39.9 si moto. Sasa hiyo 0.1 nani kaihisi? Mwaka 1965 Lotfi Zadeh, profesa wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mzaliwa wa Baku, Azerbaijan, akaanzisha fazi kwa kusema kitu kiingie kwenye kundi kwa kiwango, toka 0 mpaka 1, kwa hiyo maji ya nyuzi 38 mi nayapa vuguvugu 0.7 na moto 0.3, vyote kwa wakati mmoja. Na hiyo 0.3 sio uwezekano, hapa ndo wengi wanapotelea. Uwezekano ni ndoo iliyofunikwa, ukichovya umejua, mashaka yameisha. Hii ya fazi chovya mara mia bado ni 0.3, maana neno lenyewe ndo halina ukuta.

Aliyeifanya iendeshe mtambo ni Ebrahim Mamdani, mzaliwa wa Tanganyika (nalitaja hili kila mahali, mnivumilie), yeye na mwanafunzi wake Assilian pale Queen Mary College, London, miaka ya 70. Injini ndogo ya mvuke, sheria za maneno tu: presha ikiwa chini sana na haipandi, ongeza moto sana. Kwenye "na" unachukua namba ndogo, yaani "chini sana" ikiwa 0.8 na "haipandi" 0.5, sheria inasikika kwa 0.5.

Shida ni nani anapanga namba. William Labov, mtu wa isimu, mwaka 1973 alieleza alivyowaonyesha watu michoro ya vikombe vinavyozidi kutanuka, wakaanza kusita, kikombe au bakuli? Akiwaambia wafikirie kina viazi vya kuponda, chombo kilekile kinakuwa bakuli mapema zaidi.

Mi nilijifunza kwa aibu, nilichukua namba zangu za Dar nikazifunga kwenye hoteli moja Njombe, mwezi wa saba, wageni wakalalamika maji baridi wakati mashine inasoma vuguvugu safi kabisa. Nikasogeza "vuguvugu" nyuzi nne juu, kelele zikaisha.